Kushoto ni Kwake

Wiki ya kwanza chuoni, mwalimu Olweny
alimsimamisha Wafubwa mbele ya darasa:
wima, uso mbele, nyayo sambamba,
mikono chini, viganja vikitutazama
kama mtu anayemwambia mdai, Sina.
Mwili unaanzia hapa, akasema.
Kila neno litapimwa kutoka mkao huu,
hata mtu awe amelala chali wodini,
hata awe kifudifudi mtaroni Kondele.

Mkono wake wa kushoto ni upi?
Tukanyoosha vidole, sote, upande wa kushoto wetu.
Akacheka hadi miwani ikamshuka.
Kushoto ni kwake.
Si kwako wewe unayemtazama.

Nikaandika. Sikujua nimeandika nini.

*

Jioni, Kibuye, mama amebakiwa na mbuta mmoja.
Nikamwambia leo tumefunzwa bapa tatu za mwili.
"Bapa ndiyo nini?"
Ni njia ambayo kisu kingepita, kama kingepita.
"Changu hupita."
Akampasua mbuta kutoka pua hadi mkia,
nusu mbili zikalala zikitazamana:
bapa la mshale, nikasema.
Nusu moja akaikata pande pande
kwa mteja mwenye sufuria ndogo:
hilo la kukingama.
Na la tatu hushuka kutoka sikio hadi sikio,
mahali pa taji, likatenga mbele na nyuma,
tumbo huku, mgongo kule.
Akaitazama nusu iliyobaki. Akanitazama mimi.
"Hakuna anayekata hivyo. Utakula hasara."

Kisha, akipangusa kisu kwenye gunia:
"Na mgongo wa samaki uko nyuma, au juu?"

Nilinyamaza. Wa samaki uko juu.
Wa mama pia, saa kumi na mbili jioni,
ameinamia beseni tangu alfajiri,
ulikuwa umerudi kuwa juu.

*

Mwaka wa tatu aliteleza kwenye magamba.
Mfupa ukaunga, bega likagoma.
Kule hospitali kubwa, ambayo wazee bado huiita Russia,
foleni ya mazoezi ilifika wiki ya sita,
basi nikamtandikia mkeka nyumbani.

Kunja kiwiko. Kunjua.
Tenga mkono na kiwiliwili, taratibu. Rudisha.
Nyuzi thelathini, kisha ukuta.
Nilitaja kila mwendo kwa jina lake la darasani
naye akataja kwa majina ya soko:
kiganja juu, "hiyo ni kudai";
kiganja chini, "kufunika beseni, mvua inakuja";
kifundo kikirushwa nje, "kumfukuza paka";
bega likizunguka kwa ndani,
mkono ukitafuta mgongo, akauma mdomo.
"Hiyo," akasema baadaye, "ni kufunga leso."
Miezi minne alikuwa akifungiwa na jirani.
Hakuniambia.

Kitabu kinasema bega ni kiungo huru kuliko vyote.
Sikumsomea.

*

Jumapili moja nikamwambia asimame ukutani,
uso mbele, viganja mbele.
Akasimama kama Wafubwa: Sina.
Nikasogea, nikaushika mkono,
nikaanza kuuinua.

"Huo mzima," akasema.
"Mgonjwa ni huu. Ninaokatia."

Mama yangu ni wa mashoto.
Nimekula samaki wa mkono ule miaka ishirini na mbili
na bado nilikuwa nimesimama upande wangu,
nikimpima kutoka kwangu.

Nikamtoa ukutani, nikazunguka nyuma yake.
Kushoto kwake kukawa kushoto kwangu.
Nikaona alichokuwa akikiona wakati wote:
mlango, beseni limeinamishwa,
kutu ikianza kwenye ncha ya kisu.
Tukainua pamoja. Hamsini. Sitini na tano.
Pumzi yake ikakatika, ikarudi.

"Usiache," akasema.
"Lile bapa lako la tatu.
Nataka kulijaribu."